Lonzo Pruitt na Bastola Iliyomjua Mwenyewe

Royce, mwana wa marehemu, ndiye aliyemng'ang'ania shangazi yake Orpha aandike taazia hii ya kusomwa kaburini, kana kwamba Kentucky nzima hakuna mwingine wa kushika kalamu. Orpha aliishia darasa la tano. Amekubali tu kwa sababu wengine wangeficha mambo.

Lonzo, mdogo wake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, Caney Fork, baba yao akiwa mchimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka saba aliifungua bunduki ya baba juu ya meza ya jikoni, akaiunga tena kabla ya chakula. Skrubu moja ikabaki. Aliificha mdomoni akala maharage nayo. Shule aliacha darasa la nane akawa fundi bunduki, na hakuna aliyempita.

Alimwoa Nadine Sizemore tarehe 14 Juni 1975. Mtoto wao wa kwanza, Corbin, alifariki tarehe 2 Novemba 1986 akiwa na miaka minne. Aliikuta bastola ya baba yake chini ya mto wa kulalia. Royce alizaliwa baadaye.

Tangu siku ile Lonzo alitafuta bastola itakayosoma alama za kidole, ikatae kila kidole isipokuwa cha mwenyewe. Mwaka 2023 akaipata, akawaonyesha wateja wake wa Ijumaa dukani. Kidole chake kilikuwa na mafuta ya kazi. Ikagoma mara mbili.

"Sasa jambazi atanisubiri ninawe mikono, Lonzo?" Hobart Lyle akacheka.

"Leo unaiuza, kesho serikali inatulazimisha sote tuwe na hiyo tu!" mwingine akadakia.

Viti vya Ijumaa vikabaki vitupu. Orpha naye alimwita mjinga. Na hilo liandikwe.

Ugonjwa wa mapafu ulimshika mwaka jana. Siku tatu kabla ya kufa alimsihi Royce aichukue ile ya kidole, aachane na bastola ya kawaida anayoiweka juu ya friji.

"Baba, ikigoma siku nikiihitaji?"

"Ile yangu ya chini ya mto haikugoma, Royce. Hata kaka yako haikumgomea."

Royce akageukia dirishani. Lonzo alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025.

Ameacha mjane Nadine, Royce na mkewe, Orpha, na mjukuu Maisie, mtoto wa Royce, wa miaka mitatu, ambaye wiki hii amejua kuburuta kiti na kukipanda.

Mnataka tuseme apumzike. Atapumzikaje? Royce, jeneza lisishuke kwanza. Nenda nyumbani ukaiteremshe hiyo ya juu ya friji. Nawe Hobart, uliyecheka, mpeleke kwa gari lako. Tutawasubiri hapa hapa, kwenye theluji.