Gari la Shule Linalolala Mteremkoni

Mama mwenzangu, kabla ya kumpandisha mwanao gari la shule, muulize dereva huwa analilaza wapi. Haya nimeyasikia kwenye basi, nimekaa nyuma ya madereva wawili wasiojuana. Mmoja hubeba wanafunzi, mwingine ana teksi.

"Langu halijawahi kugoma," alisema wa wanafunzi. "Nalilaza mteremkoni, asubuhi naliachia, linawaka lenyewe."

"Linawaka lenyewe, au linawashwa na mlima?" akauliza wa teksi. "Na likizima kwenye makutano, kaka?"

"Lilizima juzi. Watoto wakashangilia, wakadhani ni mchezo."

Mimi sikushangilia. Wa kwangu yuko darasa la pili, na hupanda gari la namna hiyohiyo.

"Lipeleke kwa fundi alityuni," akasema wa teksi. "Langu lilikuwa linakohoa na kutoa moshi mweusi. Fundi akabadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, injini nzima akaiweka sawa. Sasa halili mafuta ovyo, na kwenye foleni linatulia. Majuzi nimefika nyumbani, mke wangu hakunisikia. Akadhani nimeliuza."

Mwenzake akacheka, nami nikajikuta natabasamu. "Basi nitaanza na plagi tu."

"Kaka, mtu haogi mguu mmoja."

"Plagi kwanza, nimesema."

Basi likasimama kituo cha gereji. Wa teksi akashuka. Yule wa wanafunzi, aliyekuwa amelipa nauli ya mpaka mjini, akashuka nyuma yake, bado anabisha.