Chupa ya Kumi na Tatu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, mguu mmoja umefungwa waya, kati ya kibanda cha fundi viatu na ukuta wa shule. Mimi ndiye mwenye birika. Namimina kahawa, nasikiliza, na nikiulizwa nasema sijui. Wiki hii habari ni moja tu: Afande, mlinzi wa ghala la mbao, Jumamosi anakimbizwa. Wakubwa wake wametangaza kila mlinzi auzunguke uwanja mara nne bila kusimama, na atakayeshindwa hana kazi. Namwonea huruma, maana ni mtu mwema, na kitambi chake hakijamkosea mtu. Leo Alhamisi kaja na chupa ya maziwa ya kakao, tamu, baridi, ya kumi na tatu tangu Ijumaa.

AFANDE: Profesa, nisomee tena hapo nyuma.

Profesa tulimpa jina hilo kwa kusoma kila chenye maandishi, hata mifuko ya saruji.

PROFESA: "Kwa wanaofanya mazoezi." Sukari inarudisha nguvu iliyotumika. Protini ya maziwa inakarabati misuli. Maji na chumvichumvi vinafidia jasho.

FUNDI VIATU: Inakarabati? Kama mimi na soli?

PROFESA: Hasa. Misuli ikichanika kidogo, maziwa yanaishona.

FUNDI VIATU: Mimi nashona miaka ishirini, mbona hakuna aliyeniandika kwenye chupa?

Mzee Breki, dereva wa lori mstaafu, akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue kuna hotuba.

MZEE BREKI: Mnazunguka bure. Sukari ni mafuta. Gari haliwashwi mpaka tangi lijae. Afande, jaza kwanza. Akiba haiozi.

AFANDE: Najaza, mzee wangu. Mbili kwa siku. Hata ngazi za ghala namwachia mwenzangu apande, nisije nikapunguza.

MZEE BREKI: Safi! Ukitoka jasho umemwaga. Na wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

PROFESA: Lakini mzee, kwa nini iwe tamu? Mbona mchicha una faida na si mtamu?

MZEE BREKI: Utamu unaidanganya miguu. Ulimi unafurahi, unapeleka habari chini, miguu inadhani kuna harusi. Habari inashuka na uti wa mgongo. Ndiyo maana mtu mrefu anachelewa kuanza.

PROFESA: Mbona wakimbiaji wengi ni warefu?

MZEE BREKI: Wanakunywa mapema!

FUNDI VIATU: Sasa safari yote hiyo ya nini? Mimi ngozi kavu naipaka mafuta palepale ilipokauka. Apake magotini!

Afande akaitazama chupa, kisha akalitazama goti. Naapa alifikiria kweli.

Hapo akatokea mkewe, ambaye hajawahi kukanyaga kijiweni, suruali ya sare mkononi.

MKE: Shikamoo mzee. Hamjambo, shemeji zangu?

MZEE BREKI: Marahaba, mwanangu. Karibu.

MKE: Sikai. Baba watoto, kifungo hiki nimekishona mara mbili wiki hii na kinaruka. Nimekuja kuuliza, maana nasikia hapa kuna wataalamu. Kinywaji ni cha wanaofanya mazoezi. Haya, tangu Ijumaa umekimbia wapi?

Profesa akaigeuza chupa, akasoma hadi kwenye kitako. Mzee Breki akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Fundi akapigilia msumari soli ambayo haikuudai. Mimi nikasema sijui, na hakuna aliyeniuliza.

AFANDE: Mama watoto, naogopa. Nikijaribu nikashindwa, nitakuwa nimejua tayari.

MKE: Bora ujue leo, mbele yetu. Imebaki kesho tu. Lete chupa, nitaishika.

Afande akainuka. Akakimbia kuufuata ukuta wa shule, mkono mmoja umeshika mkanda, akapotea konani. Alirudi shati limelowa, akainama, akahema mpaka nikaogopa mimi. Mkewe akampa chupa. Akapiga mafunda matatu, akatulia, akaitazama kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni.

AFANDE: Kumbe ndiyo ladha yake hii?

MKE: Maliza basi.

AFANDE: Nishikie. Naenda tena.

Mzee Breki akaninyooshea kikombe bila kumwangalia mtu. Nikaliinamisha birika. Lilikuwa tupu.