Salamu za Heiko

Kwenye treni ya Altona, mzee mmoja alimlalamikia mama aliyekaa mbele yake kwamba redio ya muziki ya mjini inafungwa kesho Jumamosi usiku, baada ya miaka arobaini.

“Si muziki umejaa kwenye simu, mzee wangu?” mama akamchokoza.

“Simu itampelekea mdogo wangu Heiko salamu?”

“Ndiyo kazi yake, jamani!”

“Hatupigiani. Tuligombania bustani ya baba. Jumamosi moja namwombea wimbo redioni, ijayo ananiombea yeye.”

Watu wazima na mvi zao, wamenuniana huku wanatumiana nyimbo za mapenzi! mama akawaza.

“Basi kesho mwombee wimbo wa kupatana, yaishe.”

Treni ikasimama. Mzee akainuka taratibu.

“Kesho ni zamu yake,” alisema, akashuka.