Chokoleti za Senga

Kuna benchi moja kwenye baraza ya duka la vyuma la Bhupendra, mjini Jinja, ambalo halijawahi kukosa jibu. Liulize kwa nini mvua imechelewa, liulize kwa nini mkeo amenuna, litakujibu, tena kwa sauti ya juu. Ramula anauza kahawa ya tangawizi hapo kando, na wakaaji ni walewale: Obura, mwanajeshi mstaafu, ambaye kila mtu humwita Afande, Wahab, muuza misuaki na manukato, aliyejipa udaktari bila kuulizwa na mtu, na Barasa wa Bungoma, dereva wa malori ya Mombasa, jina lake la kijiweni Transiti. Wa nne ni Isabirye, aitwaye Mdomo. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Yeye ni msemaji wa kukodiwa: kijana akienda kujitambulisha ukweni, kuanzia Buwenge mpaka Mbale, anayeshika maikrofoni na kuwalainisha wakwe ni Isabirye. Jumatatu hiyo Mdomo alifika kijiweni shavu limemvimba na kitambaa kakishikilia usoni.

– Banange! Umemeza embe? – aliuliza Afande Obura.

– Ni jino.

– Jino gani?

– La pembeni. Na ya mbele nayo yameanza kufuata.

– Chokoleti tena! – Wahab aliguna. – Si daktari wa meno alikukataza?

Alimkataza, tena bila kumung'unya maneno. Aligonga meno yake ya mbele kwa kile kichuma chake, akamwambia yametoboka kwa nyuma, na kwamba akiendelea na chokoleti atakuwa msemaji wa mapengo. Isabirye alirudi moja kwa moja kijiweni akaapa mbele ya wote kwamba ameacha. Kwa mtu anayekula kwa mdomo wake, hiyo haikuwa ahadi ya mchezo.

– Niliacha – alisema sasa, macho yake kwenye kikombe. – Haya ni maumivu ya zamani.

– Basi hamu bado iko – alisema Obura. – Hamu ni adui. Ikikuja, usiongee nayo. Lala chini, piga pushapu mpaka inakimbia.

– Pushapu na hilo tumbo? – Ramula alicheka.

– Afande, hayo ya kambini acha – Wahab alisema. – Sikiliza mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa Mdomo, guu lako si zima? Maana yake bado una nafasi. Hamu ikija, tafuna msuaki. Ukiweka chokoleti juu ya msuaki utasikia kama unalamba mti wa uzio.

– Na hamu ikimkuta kwa maikrofoni? – aliuliza Ramula.

– Anasugua huku anaongea.

– Msuaki ni ya raia – Obura alikata. – Dawa ni kung'oa yote. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo ng'oa leo.

– Hiyo methali inasema usiharakishe, Afande! – Wahab alimsahihisha.

– Inasema baraka hakuna. Mimi sitaki baraka, mimi nataka meno itoke.

– Mtu atasemaje ukweni bila meno? – aliuliza Ramula.

– Kale, sawa, tumwachie moja. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Jino moja itavunja chokoleti?

– Chokoleti haivunjwi – alisema Wahab. – Inayeyuka.

Benchi lilitafakari jambo hilo kwa uzito wake. Isabirye alicheka pamoja nao, na kila alipocheka jino lilimchoma hadi sikioni. Lakini afadhali maumivu. Wakiendelea na meno, hawatafika kwenye mambo ya Jumamosi.

– Nyinyi mnamwonea – Wahab alianza upya, akikunja mikono ya kanzu. – Kosa si lake, ni hewa. Busoga miwa imetuzunguka kila upande. Wakichemsha huko viwandani, mvuke unapanda, sisi huku tunavuta. Mtu wa Jinja anapumua sukari tangu tumboni. Jino linaota limeshazoea.

– Na mkulima wa miwa mwenyewe, mbona meno yake mazima? – aliuliza Ramula.

– Yule hana nafasi ya kupumua. Anafanya kazi.

Wote waliangua kicheko isipokuwa Barasa. Transiti alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kofia magotini, kahawa yake imepoa bila kuguswa. Isabirye alimwona, akageuza uso haraka.

Jumamosi iliyotangulia walikwenda Mbale kumtambulisha Bramwel, mtoto wa Barasa, kwa wazazi wa mchumba wake. Gari la kukodi lilijaa akina mama na magauni yao ya busuti, na Isabirye akapewa kiti cha nyuma kabisa, kikapu cha senga katikati ya magoti. Senga ni shangazi wa binti, na asiyejua uzito wa senga na aende akamuudhi mmoja aone. Ndani ya kikapu mlikuwa na kitambaa cha busuti, sabuni za manukato, na sanduku la chokoleti, la rangi ya dhahabu, limefungwa kwa utepe mwekundu. Utepe ulikuwa umelegea. Isabirye aliuvuta pembeni ili kuangalia tu. Walipofika Iganga alionja moja. Walipopita Namutumba alikuwa amemaliza safu ya juu, akajiambia ya chini ataiacha. Pale Tirinyi gari lilisimama, wauza njugu wakaleta mikono dirishani, na hapo akili ya kitaalamu ikamjia: alinunua njugu, akazimimina ndani ya vile vikombe vya karatasi ya dhahabu ili sanduku lirudie uzito wake, akaweka utepe sawasawa. Alikuwa na hakika senga atalifungulia chumbani, usiku, wao wakiwa wameshafika Jinja.

Senga alilifungulia palepale, chini ya hema.

Aliyepiga magoti mbele yake kumkabidhi kikapu alikuwa Phanice, dada wa Bramwel. Isabirye alikuwa wima na maikrofoni, akieleza jinsi utamu wa sanduku lile ulivyo mfano wa utamu wa ukoo wa bwana harusi. Vigelegele vikakatika. Senga aliinua njugu moja juu, kila mtu aione, akauliza kama wakwe wake wamekuja kuoa au wamekuja kulisha nyani.

Sasa, kazi ya msemaji ni hiyo: kitu kikiharibika, kifanye kichekesho kabla hakijawa ugomvi. Isabirye ameifanya kazi hiyo miaka mingi, na mdomo wake haumngoji tena. Ulisema wenyewe: "Senga utusamehe, huyu binti yetu njia ilikuwa ndefu, njaa ikamshinda!" Hema zima lilicheka. Phanice, akiwa bado magotini, aligeuka kumtazama, na Isabirye akajifanya anarekebisha waya wa maikrofoni. Tangu siku ile hajalala vizuri, na si jino tu linalomwamsha.

– Mdomo – Barasa alisema hatimaye. – Mimi leo sikuja kwa kahawa, bana. Nina shida.

– Sema, Transiti.

– Yule senga amekataa. Anasema hakuna siku ya harusi mpaka tumlete msichana aombe msamaha mbele ya watu, na msemaji wake. Bramwel hali chakula.

– Na Phanice anasemaje? – aliuliza Ramula.

– Anasema hakula. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa ukali. Hata juzi nilimwinulia mkono. – Barasa aliikunja kofia. – Mnajua anafundisha chekechea pale Bugembe. Watu walipiga video. Leo asubuhi mzazi mmoja amemwita Mwalimu Njugu mbele ya watoto.

– Ala! – alisema Wahab.

– Kwa hiyo nimekuja kwako, ndugu yangu. Mama yako ni wa Mbale, wale watu unajua kuwalainisha. Twende, umsemee mtoto wangu. Sema ni utoto, sema ni shetani wa utamu, sema unavyojua. Wewe maneno hayakupungukii.

Isabirye alitaka ardhi ipasuke immeze, yeye na shavu lake. Mtu huyu amekaribia kumpiga binti yake kwa ajili ya chokoleti alizokula yeye, na sasa anamwita ndugu. Alifungua mdomo aseme. Kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

– Ngoja jino lipoe kwanza.

– Linapoa lini?

– Mimi naona dawa iko – Obura aliingilia, naye hakujua anaingilia nini. – Huyo msichana naye awekwe pamoja na Mdomo. Ugonjwa ni mmoja. Wote pushapu, wote msuaki. Chokoleti ifungiwe kabatini, ufunguo akae nayo Ramula.

– Mimi nisiingizwe – alisema Ramula.

– Au wale mpaka watapike – alisema Wahab. – Dawa ya moto ni moto. Katoni nzima kila mmoja, mlango umefungwa.

Wakati huo Phanice alivuka barabara kutoka upande wa soko. Alikuwa bado na nguo za kazini, chaki kwenye kiwiko. Hakuketi. Alipiga goti kidogo kuwaamkia wazee, kama desturi, na Isabirye alipoliona goti lile likishuka mbele yake kwa mara ya pili aliona aibu kubwa kuliko ile ya hemani.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, mwalimu – Wahab alijibu. – Tulikuwa tunakutafutia dawa ya hamu. Unajua, chokoleti na meno...

– Mimi chokoleti sili, mzee. Inaniumiza kichwa. Baba anajua, amesahau tu.

Barasa aliinua uso. Ilionekana anakumbuka.

– Nimekuja kumuuliza mzee Isabirye kitu kimoja – Phanice alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kumuuliza mtoto aliyejikojolea. – Mzee, ulipotangaza kwamba ni mimi, ulijuaje?

Obura alikohoa. Wahab aliinua kidole kama mtu aliyepata methali, akakaa nacho juu, halafu akakishusha. Barasa alikuwa anamtazama Isabirye: kwanza macho, halafu shavu. Alilitazama shavu kwa muda mrefu.

Isabirye aliondoa kitambaa usoni.

– Sikujua – alisema. – Wewe hukula. Nilikula mimi.

– Zote? – aliuliza Barasa kwa sauti ndogo.

– Zote. Na njugu niliweka mimi.

Alingoja ngumi, na angeipokea kwa shukrani. Barasa hakunyanyuka. Alisogea tu mpaka ukingoni mwa benchi ili bega lake lisiguse la Isabirye, na kusogea huko kulimuuma Isabirye kuliko jino.

– Nitakwenda Mbale – alisema. – Nitamtafuta senga faraghani, nimweleze taratibu...

– Hapana, mzee – alisema Phanice. – Mimi hukunisema faraghani. Utaita watu walewale, utashika maikrofoni, na usichekeshe.

– Watanicheka, mwanangu. Nani atanikodi tena?

Phanice alimshika babake mkono, wakaondoka wote wawili kuelekea stendi. Obura aliinama akafunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa. Isabirye alisukuma kikombe chake, akamwomba Ramula maji baridi, akasukutua polepole, akatema kando ya barabara. Kisha alijaribu kwa sauti ya chini sentensi atakayoisema Mbale, ile fupi tu, bila mbwembwe, na akagundua hajui inavyoanza.