Mbuzi wa Crystal

HAIKA: Haloo? Nani mwenzangu?

NESTOR: Haloo! Dada, shikamoo. Mdogo wako Nestor hapa. Nimebadili laini, huku Rochester mtandao wenyewe— [mkwaruzo] —unakuja, unaondoka.

HAIKA: Marahaba. Huku Rochester.

NESTOR: Eeh. Hamjambo hapo Apple Valley? Mzee mzima?

HAIKA: Mzima, yuko bafuni anaoga. Na mgonjwa wako je?

NESTOR: Mgonjwa gani?

HAIKA: Huyo unayemuuguza, unalala kwake wiki ya tatu sasa, hata saa moja ya kuja kumwamkia baba yako huna.

NESTOR: Aah, huyo! Yupo. Anasumbua kweli. Kumgeuza, kumlisha, kumgeuza tena... Ndiyo maana nimepiga. Nilitaka Jumatano nije kumsindikiza mzee uwanja wa ndege, lakini nimeomba ofu wame—

HAIKA: Wamekataa.

NESTOR: Katakata! Roho inaniuma, dada.

HAIKA: Na jana Jumapili ulikuwa kazini pia?

NESTOR: Tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nyie je, mzee mmemtembeza?

HAIKA: Tumemtembeza. Maduka hapendi, unamjua. Nilimpeleka lile kubwa, akakaa kwenye benchi nusu saa, akaniambia, "Mama, hizi nguo nimeshaziona. Nionyeshe mnapoishi." Basi mwanangu Lucky akaingia kwenye simu akatafuta sehemu za karibu, hizi tunazozipita kila siku na magari yetu. Miaka tisa niko hapa, Nestor, sikujua kwamba Savage kuna chemchemi.

NESTOR: Savage? Kule kwenye viwanda?

HAIKA: Kule kule. Maji baridi, mchanga chini unatokota kama uji. Wenyeji wa asili wanapaheshimu sana pale. Baba akavua kofia, akakaa kama yuko kwenye mfereji wetu Marangu. Nikaona aibu. Mgeni ndiye anatuonyesha kwetu.

NESTOR: [anacheka] Mzee bwana! Na jana?

HAIKA: Jana akasema, "Nestor hayupo, sawa, lakini nipeleke niuone mtaa wake. Nione anapopumzikia." Lucky akapata kibustani kina bwawa na bata. Hapo Crystal, karibu na kwako.

NESTOR: Halo— dada, unakatika—

HAIKA: Sikatiki.

NESTOR: Sikusikii viz—

HAIKA: Ukikata hii simu namtoa baba bafuni na sabuni zake namleta mlangoni kwako. Unanisikia sasa?

NESTOR: ...Nakusikia.

HAIKA: Mlikuwa watu kama kumi na tano. Umevaa aproni nyekundu. Muziki juu. Mbuzi mzima kwenye majiko ya bustani, wewe na kisu unagawa nyama kama mwenye boma.

NESTOR: Ngoja nikueleze. Ilikuwa shughuli ya Gasto, amepata uraia, tukachanga—

HAIKA: Kidari ulimpa nani?

NESTOR: Nini?

HAIKA: Kidari, Nestor. Mbuzi akichinjwa nyumbani, kidari ni cha nani?

NESTOR: ...Cha baba.

HAIKA: Baba alikuwa ndani ya gari langu, hatua hamsini, kioo kimeshushwa. Kidari ulimpa nani?

NESTOR: Nilikula mimi.

HAIKA: Kwa mikono miwili! Mafuta yanakutiririka mpaka viwikoni. Mimi kazi yangu ni kuosha vidonda vya wazee, nimeshika vilivyooza, sijawahi kusikia kinyaa kama nilichosikia jana. Tangu jana nyama haipiti hapa kooni. Koti la baba limenuka moshi wa mbuzi wenu, nimelifua mara mbili na bado linanuka.

NESTOR: Mbona hamkushuka? Ungenipigia hata honi!

HAIKA: Nilishashika mlango. Akanizuia. "Mwache ale," akasema. "Mwache, amefanya kazi wiki nzima."

NESTOR: Alisema hivyo?

HAIKA: Hivyo hivyo. Halafu mpira ukaja mpaka kwenye tairi letu, na binti yako nyuma yake.

NESTOR: Dada, basi—

HAIKA: Basi nini? Kaa usikilize. Baba akashuka, akauokota, akamuuliza jina. "Ima." Baba akamuuliza, "Imaculata?" Mtoto akashangaa, akamuuliza kwa Kiingereza umejuaje. Jina la mama yetu, Nestor! Mtoto amebeba jina la bibi yake na hamjui babu yake! Akamshukuru kama anavyomshukuru dereva wa basi, akakimbia.

NESTOR: Na wewe unajua alichonifanyia. Nilipomuoa Kemunto alisema nini? Kwamba hana mtoto anayeoa kwa watu asiowajua. Miaka sita hapokei simu yangu. Mama anazikwa, naangalia mazishi kwenye simu ya Gasto. Leo nije nikae sebuleni kwako ninywe chai, nicheke?

HAIKA: Alikosea. Nilimwambia usoni kwamba amekosea. Lakini hukuthubutu kuniambia, "Haika, sitaki kumwona." Ningekuelewa! Ukaona bora ujitungie mgonjwa. Ukamlaza, ukamgeuza, ukamlisha kijiko kwa kijiko. Hata leo kwenye simu hii umemgeuza, hazijapita dakika kumi! Ptuu! Unanichefua.

NESTOR: [mkwaruzo] —mekosa. Nimekosa, dada. Sasa nifanye nini? Nije na jani la isale? Hapa Minnesota isale nitalitoa wapi?

HAIKA: Usihangaike. Lipo.

NESTOR: Lipo wapi?

HAIKA: Asubuhi nilikuwa nampangia begi. Nikafungua kitabu chake cha nyimbo. Katikati kuna jani, limefungwa kwa gazeti, limekauka.

NESTOR: ...La nini?

HAIKA: Nikuulize wewe. Isale hubebwa na nani?

NESTOR: Anayekuja kuomba msamaha.

HAIKA: Haya.

NESTOR: Hapana. Mzee hawezi... Baba anibebee mimi isale? Mimi mtoto wake?

HAIKA: Kalibeba kutoka Marangu. Ana miaka sabini na nane, kapita nalo forodhani akiogopa wale mbwa wa kunusa. Na wiki tatu hizi, gari likipunguza mwendo hapa nje anainuka kwenye kochi. "Huyo siye Nestor?" Namwambia siye. Anakaa. ...Upo?

NESTOR: Nipo.

HAIKA: Unalia?

NESTOR: Hapana.

HAIKA: Lia tu, labda na hayo mafuta yatakutoka. Ngoja... anatoka bafuni. ...Naam, baba? ...Ni Nestor. ...Ndiyo, yuko kwenye simu.

NESTOR: Umwambie nini sasa? Dada, usi—

HAIKA: Anakuamkia, baba, anasema shikamoo. ...Anasema marahaba. Anasema pole na kazi.

NESTOR: Mungu wangu.

HAIKA: Anauliza, mgonjwa wako anaendeleaje?

NESTOR: Mwambie... mwambie hakuna mgonjwa.

HAIKA: Sisemi mimi. Nikuwekee spika?

NESTOR: Usiweke! Mwambie nakuja. Leo. Sasa hivi, natafuta funguo za gari. Kemunto! Mvalishe mtoto viatu! ...Mwambie nakuja.

HAIKA: Baba, anasema anakuja. ...Eeh, leo leo. ...Sema haraka, simu yangu chaji imebaki asilimia mbili. Anauliza, utafika saa ngapi, Rochester si mbali? ...Nestor! Mzee amesimama hapa na taulo begani anasubiri. Unatokea wapi?

NESTOR: Crystal. Mwambie natokea Crystal.

HAIKA: Anatokea Crystal, baba.

NESTOR: Anasemaje? Dada? Amesemaje?

HAIKA: Anasema kumbe ni karibu. Anasema usikimbize gari, una mtot—