Matete Aliyoyasimika Anatole Wilondja

Wazee, bamama, na ninyi nyote mliopanda hadi Lubondja katika tope hili, familia inawapokea, na imemchagua Eugène, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake kwa sababu ndiye aliyesoma, jambo ambalo mtalielewa vizuri mbele.

Anatole Wilondja alizaliwa hapa Lubondja tarehe 4 Mei 1921, akaingia shule ya misheni mwaka 1930, akaiacha mwaka 1934 baba yao alipofariki, akashika jembe ili mdogo wake, aliyekuwa na miaka miwili, aje asome. Tarehe 17 Julai 1943 alifunga ndoa na Marthe, wakajaliwa Dorothée, Henri na Florentine.

Kuanzia Februari 1951 alifanya kazi ya kufyeka majani Baraka kwa mzungu mmoja mnunuzi wa pamba, ambaye kwa kujifurahisha alizungumza kwa redio na watu wa nchi za mbali, na nyuma ya nyumba yake alisimamisha mlingoti mrefu wa mianzi wa kubebea waya wa redio hiyo, ulioshikwa na kamba nne za katani, katikati ya majani yaliyofika kifuani, na chini ya majani hayo kulikuwa na nyaya za shaba za redio zilizofukiwa juujuu, visiki, na mawe ya msingi wa nyumba ya zamani. Anatole kwanza aliutembea uwanja huo peku, polepole, akipapasa ardhi kwa nyayo, na kila alipokuta waya, jiwe au kamba alisimika tete lililofungwa ukanda wa mgomba, ndipo akashika fyekeo, na kwa zaidi ya miaka mitatu hakuharibu kitu.

Tarehe 9 Novemba 1954 Eugène, aliyekuwa akimsaidia huku akingoja kuanza ualimu Fizi, aliona matete yanamchelewesha, akayang'oa upande mmoja wakati kaka yake amekwenda kunoa fyekeo lake, akafyeka kwa pupa, akakata kamba, mlingoti ukaangukia paa na kuivunja mashine ya redio ndani. Mzungu alitoka akiuliza ni nani, na Eugène, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, akarudi nyuma, na Anatole, aliyekuja mbio, ndiye aliyesogea mbele akasema ni yeye, na baadaye njiani akamwambia, "Wee ualimu iko inakungojea, nyamaza, mi nitapata kazi ingine."

Hakupata. Katika kitabu chake cha kazi, ambacho kila mwajiri alitaka kukiona kwanza, mzungu aliandika neno mzembe, na kila alikobisha, toka Baraka hadi Uvira, walikifungua, wakasoma, wakamrudishia. Henri alichekwa shuleni Fizi kwamba baba yake ni mwangusha milingoti, na Eugène, mwalimu wa darasa lake, alisikia, akaendelea kuandika ubaoni.

Oktoba 1958 Anatole alianza kukohoa damu, akalazwa Fizi tarehe 20 Januari 1959, akafariki tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, bila kumwambia mtu ukweli huo, hata Marthe, ambaye anasikia haya leo pamoja nanyi, na Eugène anaona aibu kumtazama.

Familia inawashukuru waganga wa hospitali waliomhudumia, majirani waliombeba kwa machela, na wenzake wa kazi waliotoka Baraka, ambao inawaomba wakirudi waseme kule waziwazi ni mkono wa nani uliokata kamba.

Pumzika kwa amani, yaya Anatole, kaka mkubwa. Mzembe ni mimi.