Privatus Rutashobya, Dereva wa Basi la Muleba, 1928–1977

Ndugu, majirani na wageni mliotoka Bukoba mjini, naitwa Georgina, mtoto wa kwanza wa marehemu. Familia imeniomba nisome kwa sababu mimi ni mwalimu na nimezoea kusimama mbele ya watu. Nitasoma kama tulivyoandika jana.

Marehemu Privatus Rutashobya alizaliwa Buganguzi tarehe 14 Machi 1928, mtoto wa tatu wa Mzee Apolinary Rutashobya, ambaye alishatangulia, na Mama Kokuberwa. Alibatizwa wiki tatu baadaye. Alikulia katika kibanja hiki hiki, shamba hili la migomba tulimosimama.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1936 hadi darasa la sita, mwaka 1942. Mwalimu wake alitaka aendelee, lakini baba yake aliugua na kahawa ilikuwa haina wa kuichuma. Hakulalamika, au kama alilalamika hatukuwahi kusikia. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu.

Mwaka 1946 aliajiriwa kupakia magunia katika lori la kahawa, na mwaka 1952 alipata leseni ya udereva. Mwaka 1958 Mzee Mustapha Uledi wa Bukoba mjini alinunua basi aina ya Bedford, akamchukua marehemu aliendeshe kati ya Muleba na Bukoba. Kabla ya hapo, mtu wa huku aliyetaka kufika mjini alitembea kwa miguu siku mbili au alibembeleza nafasi juu ya magunia. Basi lilitoka Muleba saa kumi na mbili asubuhi, likapita Muhutwe na Kemondo, likafika Bukoba saa tatu, na saa nane mchana likaanza kurudi. Lilibeba abiria, mikungu ya ndizi, samaki wakavu wa Bumbire, barua, magazeti na wagonjwa. Kondakta alikuwa Muharami, mtoto wa dada yake Mzee Uledi. Muharami alikuwa mwongeaji na marehemu alikuwa mkimya, wakafanya kazi pamoja miaka kumi na mitano.

Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, basi lilikwenda Bukoba na kurudi mara mbili, na kwa amri ya Mzee Uledi hakuna aliyekatiwa tiketi. Watu walikaa hadi juu ya paa. Marehemu alisema siku ile hakuona sherehe yoyote, aliona barabara tu.

Alifunga ndoa na Mama Benigna tarehe 8 Agosti 1953. Walijaliwa watoto watano, na mmoja, Rugambwa, alifariki akiwa na miaka miwili. Mama ameomba tuseme habari ya senene, panzi wetu wa kuliwa. Ilikuwa Novemba 1964. Marehemu hakuwa na desturi ya kusimamisha basi pasipo kituo, lakini asubuhi hiyo, karibu na Muhutwe, senene walishuka kama mvua na abiria wakaanza kupiga mabati ya basi wakitaka kushuka. Alisimama. Wote walimwagika barabarani, mpaka padri mmoja aliyekuwa safarini. Basi lilifika Bukoba limechelewa saa nzima, na jioni marehemu akaingia nyumbani kichwa wazi, kofia yake ya kazi imejaa senene. Mama alimuuliza, "Na abiria?" Akajibu, "Wao pia wana wake zao."

Mwaka 1971, katika mambo ya ujamaa, Mzee Uledi alikabidhi basi kwa ushirika wa usafiri ulioundwa wakati huo. Alikabidhi mwenyewe, kwa hotuba fupi, kisha akaenda nyumbani. Marehemu na Muharami walibaki kazini. Abiria waliongezeka na vipuri vikapungua. Kila kitu kiliagizwa Mwanza, na kila kitu kilichelewa.

Sasa nasoma sehemu ambayo marehemu mwenyewe aliagiza isiachwe. Baadhi ya ndugu walishauri iachwe. Mama Benigna amesema isomwe.

Alhamisi tarehe 10 Mei 1973 breki za basi zilikuwa zimelegea kwa siku sita. Marehemu alikuwa ameandika barua ofisini na kujibiwa asubiri. Asubuhi hiyo, pale Muleba, watu walifika wamembeba mama mjamzito kwenye engozi, machela yetu ya kienyeji. Alikuwa na uchungu tangu juzi yake. Muharami alimvuta marehemu pembeni.

"Privatus, gari hili leo lisitoke."

"Na huyu mama tumpeleke na nini?"

"Tungoje lori."

"Lori linakuja saa ngapi?"

Muharami hakujua. Marehemu alisema atakwenda taratibu. Wakatoka.

Kwenye mteremko wa kabla ya Muhutwe barabara ilikuwa imelowa na breki zikakataa kabisa. Marehemu alirudisha gia, basi likazidi kukimbia. Muharami alifungua mlango wa nyuma akaruka na gogo la kuzuia gurudumu. Mara ya kwanza gurudumu lilirusha gogo pembeni. Aliliokota, akakimbia, akaliweka tena. Basi liliyumba, likaingia kwenye migomba na kusimama. Abiria thelathini na wanane walitoka wazima. Muharami alikuwa chini ya gurudumu la nyuma.

Yule mama alichukuliwa na lori la kahawa lililopita baadaye. Tulisikia kwamba alipona yeye na mtoto. Marehemu hakuwahi kuonana nao.

Muharami alizikwa Bukoba siku ile ile. Marehemu alifika nyumbani kwa Mzee Uledi kwa miguu kutoka Muhutwe, mazishi yakiwa yamekwisha. Siti, mjane wa Muharami, alikuwa ndani na wanawake. Siti aliomba marehemu aitwe. Alimuuliza mbele ya watu wote, "Shemeji, alisema nini?"

Marehemu alijibu, "Alisema gari lisitoke."

Siti akasema, "Basi kaa chini. Umetembea."

Alikaa matanga siku tatu na wanaume wa nyumba ile. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyezungumza naye.

Baada ya hapo kulikuwa na uchunguzi. Mtu mmoja wa ofisini, ambaye hatutamtaja, alimletea karatasi iliyoandikwa tayari, kwamba kondakta hakukagua gari kabla ya safari na aliruka bila kuamriwa. Ilikuwa inangoja sahihi tu. Mtu yule alimwambia, "Muharami hawezi kuumia tena. Wewe una watoto wanne." Marehemu aligeuza karatasi, akaandika upande wa nyuma kwa ule mwandiko wake: "Nilijua breki ni mbovu. Muharami alinikataza. Niliyetoka na gari ni mimi." Akaweka sahihi hapo.

Alifungiwa leseni miezi kumi na minane. Muda huo alilima. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kama zamani na kukaa mlangoni amevaa viatu.

Desemba 1974 leseni ilirudishwa. Hakwenda kuichukua. Wakati huo dereva mwingine alikuwa ameacha kazi na basi lilikuwa limesimama, breki mpya zimefungwa, hakuna wa kuliendesha. Jumapili tarehe 5 Januari 1975 Siti alifika hapa nyumbani na watoto wake wawili, wamechafuka vumbi. Hatukuwa tumemwona tangu msiba. Hakukubali kukaribishwa kiti.

Alisema, "Shemeji, nimekuja juu ya mikungu ya ndizi kwa sababu gari lenu halitembei. Muharami alikufa ili gari lisimame siku moja. Hakufa ili lisimame miaka."

Marehemu alisema, "Siti, mimi siwezi."

"Mimi nimeweza kuja hapa," Siti akajibu. "Kesho narudi Bukoba. Unanipeleka au napanda tena ndizi?"

Jumatatu asubuhi marehemu aliwapeleka. Mama Benigna alikwenda naye. Anasema kwenye ule mteremko Siti alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili na hakufumba macho.

Alichukua leseni yake huko Bukoba, akaendesha tena miaka miwili. Kila gari lilipokuwa na kasoro alizima injini, akashuka na kukaa pembeni ya barabara, hata abiria wakimtukana. Walimtukana sana. Baadhi yenu mpo hapa.

Machi 1977 miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari walisema ni figo. Alilazwa Bukoba mara tatu. Mara ya mwisho, kila asubuhi aliniuliza, "Gari limetoka?" Nami kila asubuhi nilijibu, "Limetoka." Ukweli ni kwamba lilikuwa halijatoka kwa siku kumi na moja, hakuna matairi. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Jumatatu tarehe 19 Septemba, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, alifariki. Nilikuwa nimekwenda kuchukua uji. Niliporudi muuguzi alikuwa ameshamfunika, na mimi nikauliza niuweke wapi uji.

Ameacha mke, Mama Benigna. Watoto wanne, Georgina, Apolinary, Jovita na Buberwa. Na wajukuu watatu. Siti na watoto wake wamekaa na familia, mkono wa kulia.

Ameacha pia mama yake mzazi, Bibi Kokuberwa, ambaye umri wake unakaribia miaka themanini. Tangu juzi tumemwambia mara tatu. Kila mara amesikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kisha akauliza kama Privatus amekula.

Mungu ampokee, ampe kupumzika.